Leo Hatupiki

Tarehe 9 Machi

Ndugu Mwandishi,

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima, na kama uko safarini tena basi zikusubiri mezani kwako.

Hunijui. Mimi ni mke wa Kijiko, yule mpishi uliyemwandika kwenye jarida lenu la safari, toleo la Februari, ukurasa wa ishirini na mbili. Jina alilopewa na wazazi wake hapa mtaani wanalijua watu watatu. Wengine wote walimwita Kijiko, kwa sababu alitembea na kijiko cha kuonjea kwenye mfuko wa shati kama mwalimu anavyotembea na kalamu. Hata kwenye harusi za watu alikuwa nacho.

Jarida lililetwa na fundi saa, jirani yetu, aliyekuja nchini kwenu kutafuta vipuri. Alilinunua stesheni apoteze muda, mara akajikuta anasoma habari za mtaa wake mwenyewe. Aliniletea kabla hata hajafungua duka.

Nimeusoma ukurasa wako mpaka karatasi imelegea. Umeuandika mji wetu vizuri kuliko sisi tunaokaa ndani yake. Ile posta ya zamani iliyogeuzwa makumbusho, ambako mlinzi humgongea kila mgeni muhuri kiganjani, naipita kila siku nikienda sokoni. Miaka thelathini na sita sijawahi kuingia. Baada ya kukusoma nikaingia. Mlinzi akaniuliza natoka nchi gani, nikamwambia natoka mtaa wa nyuma, akanigongea hivyo hivyo. Nimepanda pia ngazi za daraja la reli. Ni kweli, ukiwa juu kule mabati ya mji yanaonekana kama vitabu vilivyofunguliwa vikalazwa kifudifudi. Nilisimama pale kama mtalii, mwanamke wa miaka sitini na moja na kikapu cha nyanya.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Uliandika kwamba Alhamisi, siku ya mwisho ya safari yako, ulikula kwetu mchuzi wa samaki na wali, na mpishi mwenyewe akatoka jikoni, akavuta kiti, akakaa nawe, akacheka mpaka masharubu yake meupe yakaingia kwenye mchuzi. Ndugu yangu, Alhamisi hiyo ilikuwa tarehe 17 Januari. Mume wangu alifariki Ijumaa asubuhi.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeenda kwa binti yetu aliyejifungua, safari ya treni ya siku moja na nusu. Na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Hatukuagana vizuri. Kifua kilikuwa kinamsumbua, nami nilimtaka aache jiko, akakataa. Nikamwambia, "Utafia humo jikoni, na mimi sitakuwepo kukuzika." Nilisema hivyo sanduku likiwa mkononi. Hakugeuka. Alikuwa anakata vitunguu.

Hapa nyumbani nimeambiwa mengine kuhusu siku ile. Lakini wewe ni mgeni, na mgeni hana sababu ya kunificha. Hayo masharubu tu ndiyo yaliyonitatiza, maana aliyanyoa miaka minne iliyopita. Lakini nilikuwa nimeondoka siku kumi na moja, na mwanamume akiachwa peke yake husahau wembe. Nimejiambia labda aliyaachia ili kunikomoa.

Nieleze kila kitu. Alikuwa anakohoa? Alikula? Alinitaja?

Mimi,
Mke wa Kijiko


Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole sana kwa msiba. Barua yako ilinifikia ofisini, nikaisoma nimesimama, na sikujua la kufanya ila kukaa chini.

Umeniuliza kama alikohoa. Sikumsikia akikohoa, Mama. Alikuwa mchangamfu. Alitoka jikoni akijifuta mikono, akauliza kama mchuzi umenifaa, na nilipoomba kuongezwa akafurahi, akakaa. Alikula pia, si sana, vijiko vichache kwenye sahani yangu kama mtu anayehakikisha kazi yake. Alinieleza habari za daraja na za soko la vitambaa, akanitania kwamba watu wa nchi yetu tunakula kama tunawahi treni.

Na alikutaja. Alisema mke wake yuko kwa binti yao, wamepata mjukuu. Akasema walitofautiana kidogo siku ya kuondoka lakini hana kinyongo, kwani wewe ndiye uliyekuwa na haki. "Akirudi nitampumzisha," alisema, "na mimi nitapumzika." Nayakumbuka maneno hayo kama yalivyo. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipungia mkono.

Basi, Mama, usijitese. Uliloambiwa na wengine sijui ni lipi, lakini mtu niliyemwona mimi siku ile alikuwa na amani.

Wako,
Mwandishi wa ukurasa wa safari


Tarehe 21 Aprili

Mwanangu Mwandishi,

Niruhusu nikuite hivyo. Barua yako imenirudishia usingizi. "Hana kinyongo." Hayo maneno mawili nayapitisha mdomoni nikichambua mchele.

Siku barua yako ilipofika niliwaita shemeji zangu watatu, kaka zake marehemu, wakakaa ukumbini mwa mgahawa, fundi saa akaisoma kwa sauti. Ilibidi niwaite, kwa sababu kuna jambo sikukueleza mwanzoni. Sikutaka kukutia maneno mdomoni.

Huyu wifi yangu, dada mdogo wa Kijiko, amefanya kazi nasi jikoni miaka kumi na tisa, na chumba chake kilikuwa juu ya mgahawa, karibu na chetu. Niliporudi msibani aliniambia kwamba Alhamisi nzima mume wangu alilala kitandani hajiwezi, kwamba hawakufungua, kwamba yeye alimsihi aitiwe daktari akakataa. Kisha akasema marehemu ndiye aliyekataza nisipigiwe simu. Nikamuuliza mtu anayekufa anakatazaje mke wake asijulishwe? Akalia tu. Tangu siku ile sikumwamini, lakini sikuwa na ushahidi.

Sasa ninao, tena umechapishwa. Kumbe walifungua. Kumbe alimwacha kaka yake mgonjwa apike, ahudumie, akae na wageni mpaka moyo ukasimama, kisha akatunga hadithi ya kitanda. Nilimwambia mbele ya kaka zake arudishe ufunguo. Hakubisha. Alishuka na nguo zake kwenye beseni, akapita katikati yetu, hakuna aliyemfungulia mlango. Nasikia amepanga chumba nyuma ya stendi ya mabasi na anaosha vyombo kwenye bweni la shule. Shauri yake.

Ukurasa wako nimeutia kwenye fremu, uko ukutani. Watalii wakija wananiuliza meza yako ni ipi, nami nawaonyesha ile ya karibu na dirisha. Sikosei, eti? Nimekisia kwamba mtu kama wewe angekaa karibu na dirisha.

Mama yako wa mbali,
Mke wa Kijiko


Tarehe 14 Mei

Kwa Mwandishi,

Mwandiko wangu uuvumilie, huu mkono umezoea kisu. Mimi ni dada yake Kijiko. Anwani yako nimepewa na fundi saa, ambaye naona ameanza kuwa na mashaka.

Sitaandika mengi. Alhamisi ile mlango wetu ulikuwa na kufuli, na mimi ndiye niliyeifunga. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni: LEO HATUPIKI, MPISHI ANAUMWA. Kisha nikapanda juu kukaa na kaka yangu.

Mchana, saa saba hivi, nilisikia kitasa kinatikiswa. Nikachungulia dirishani. Alikuwa mwanamume mwenye kofia ya kitambaa na kamera shingoni. Ulisoma ubao. Ukatikisa tena kitasa, kana kwamba ubao unatania. Ukachomoa kipeperushi kimoja kwenye kile kiboksi cha mlangoni, ukakitazama, ukaondoka. Kile kipeperushi kina picha ya Kijiko ya zamani, ya enzi za masharubu. Kwa hiyo naelewa ulivyoyapata.

Kaka aliniuliza kutoka kitandani, "Nani huyo?" Nikamwambia ni mtalii. Akasema, "Mwambie aje kesho." Nikafungua dirisha nikuite, ulikuwa umeshakata kona.

Alinikataza kumpigia mke wake simu. Alisema, "Mwache ashike mjukuu. Akiambiwa atapanda treni na mtoto bado mchanga." Nilitii. Daktari nilimwita mwenyewe Ijumaa asubuhi, nikaenda kwa miguu, niliporudi naye ilikuwa imeshakwisha. Kama ni kosa, kosa langu ni hilo, kwamba nilimtii mgonjwa siku nzima wakati nilipaswa kumshinda. Nalibeba. Lakini hilo la kwamba nilimsimamisha jikoni silibebi, kwa sababu halikuwepo.

Siombi kurudishwa. Naomba tu wifi yangu ajue kwamba mumewe alimfikiria kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno yako.

Mimi,
Wifi


Tarehe 8 Juni

Mama,

Sistahili kukuamkia, lakini shikamoo.

Barua ya wifi yako nilikaa nayo wiki mbili. Kila siku nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Mke wangu aliniuliza mara mbili naumwa nini nikamjibu ni tumbo. Barua hii nimeianza mara nne. Zile tatu nilizichana kwa sababu katika kila moja nilikuta nimeanza kujitetea.

Kila alichokuambia wifi yako ni kweli. Sikula kwenu. Sijawahi kuingia mlango wenu. Sijamwona mume wako maishani mwangu.

Nilikuwa na siku saba za safari na nilitakiwa kuleta sehemu saba. Makumbusho niliingia, daraja nilipanda, sokoni nilizunguka, hayo yote ni kweli na niliyafurahia. Alhamisi nilikuja kwenu kwa sababu mpokeaji wageni pale nilipolala alisema nisiondoke bila kula kwa Kijiko. Nikakuta ubao. Nikala mkate na chai kwenye kibanda cha stesheni, nikapanda treni, na humo ndani nikatoa kipeperushi nikaandika nilichodhani ningekiona. Sikuona ubaya. Nilijiambia nampamba mtu, simchafui. Miaka kumi na minane naandika safari, nyingine nje na nyingine hapa hapa nyumbani, na hii si mara ya kwanza nimekula kwa kalamu. Ni mara ya kwanza nimejibiwa.

Lakini ubao nilikuwa nimeusoma, Mama. Nilijua mpishi anaumwa. Niliketi kwenye treni nikamchekesha mtu ambaye nilijua amelala.

Halafu barua yako ilikuja. Pale ndipo ningesema. Badala yake nikatazama ulichotamani kusikia, nikakuandikia hicho hicho, maana ulikuwa umenitajia kila kitu: binti, mjukuu, ugomvi, vitunguu. Nilikurudishia maneno yako nikayaita ya marehemu. "Akirudi nitampumzisha" niliyatunga mezani kwangu, kikombe cha chai pembeni, na nilipoyamaliza nikajiona mtu mwema. Hilo ndilo linalonitoa jasho nikilikumbuka. Nilijiona mwema.

Na kwa maneno hayo dada wa watu ametoka na beseni.

Nimemweleza mhariri. Ameniondoa kwenye ukurasa, na toleo lijalo litakuwa na masahihisho, mistari mitatu, chini ya tangazo la mabegi. Nimemwandikia wifi yako pia. Waambie shemeji zako. Ufunguo mrudishie mwenyewe.

Siombi msamaha leo. Ningeuomba ningekuwa naomba tena kitu kwako.

Aliyekuwa mwandishi wa safari


Tarehe 29 Juni

Wewe,

Nimeisoma. Nimempa na fundi saa aisome, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamekosea.

Fremu nimeishusha. Nilimwonyesha mtalii mmoja meza yako asubuhi ya siku ile ile barua ilipofika.

Nilikwenda kule nyuma ya stendi. Chumba cha wifi yangu kina kitanda na jiko la mafuta, basi. Nilibisha hodi, akafungua, akaniona, akarudi kukaa kitandani. Nilimwonyesha barua yako. Aliisoma polepole, akanirudishia. Akasema, "Nilikwambia haya Januari kwa mdomo. Ulitaka mpaka yatoke nchi ya watu?" Nilikaa naye saa nzima, hakunifukuza wala hakunipa maji.

Anasema alivunjiwa heshima mbele ya kaka zake, itengenezwe mbele ya kaka zake. Karatasi nimezichoka mimi pia. Utakuja. Utasema kwa mdomo wako, hapa, wote tukiwa tumekaa. Jumamosi ya tarehe 3 Agosti, saa tano. Usiniletee zawadi.

Mke wa Kijiko


Tarehe 9 Agosti

Mama,

Nimefika salama. Nimeona niandike mapema kabla woga haujanirudia.

Njiani kuja nilikuwa nimetunga maneno mazuri. Nilipoingia nikawakuta shemeji zako watatu kwenye benchi, fundi saa pembeni, na wifi yako karibu na mlango, mkoba magotini kama mtu anayesubiri basi, maneno yote yakanitoka. Nilisema tu, "Sikula hapa. Nilidanganya." Yule shemeji mkubwa akaweka mkono sikioni akasema hasikii vizuri upande huo, nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hukufanya nini?" Nikarudia mara ya tatu, nikipaza sauti, mpaka mwanamke aliyekuwa akipita nje akasimama kutazama. Nilikuwa nimedhani aibu huishia kwenye barua. Kumbe barua ilikuwa mwanzo tu.

Kisha wifi yako akaniuliza, "Ubao uliusoma?"

"Niliusoma."

"Ulisemaje?"

"Leo hatupiki, mpishi anaumwa."

Akasema, "Basi," akawatazama kaka zake mmoja mmoja, na hakuna aliyeweza kumtazama. Shemeji mkubwa alitazama kofia yake. Wewe ukainuka, ukamwekea ufunguo kiganjani, ukapiga magoti, naye akakuinua upesi kabla magoti hayajagusa sakafu. Akakwambia, "Nitaanza kazi kesho. Leo mimi ni mgeni, nipikie." Nadhani nitazeeka na maneno hayo.

Nashukuru kwamba hukunitoa nje. Nashukuru kwamba uliniwekea sahani kama wengine. Kuhusu chakula chenyewe, Mama, nimekula katika nchi tisa, kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe na kwenye vibanda vya barabarani, na sijawahi kula mchuzi mtamu kama ule.

Mwanao, ukinikubali


Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Wifi yangu amerudi chumbani kwake. Tunapika wawili. Hatuongei sana bado, maana kumi na tisa si siku, ni miaka, na nilimtoa kwa dakika tano. Nikimpitia karibu na jiko nasema samahani kwa ajili ya kupita, na wote wawili tunajua si ya kupita. Juzi alinieleza tena ile Alhamisi, tangu asubuhi mpaka mwisho, nami safari hii nilinyamaza nikamsikiliza. Kijiko hakuzungumzia ugomvi wetu. Hakusema ana kinyongo wala hana. Alisema niachwe nishike mjukuu. Nimekuwa nikiligeuza hilo, na naona linanitosha kuliko lile lako. Ila nilikwambia wewe yale ya sanduku na vitunguu kabla ya kumwambia yeye. Nimemwambia sasa. Alisema alikuwa ameyasikia siku ile ile, ukuta wetu ni mwembamba.

Sasa sikiliza. Ulipotoka kwenda stesheni, wifi yangu alisukuma sahani akaniambia, "Wifi, mchuzi huu hauliki." Nikaonja. Ulikuwa chumvi tupu. Mkono ulikuwa unanitetemeka, na nadhani niliitia mara mbili, labda tatu. Shemeji mkubwa alikuwa amemaliza jagi zima la maji bila kusema neno. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, kicheko cha kwanza humu ndani tangu Januari, kisha kikageuka kikawa kitu kingine.

Na wewe ulikula sahani mbili. Ukaomba na mkate ufutie. Halafu ukapanda treni, ukafika kwako, ukapumzika siku kadhaa, ukaniandikia kwamba katika nchi tisa hujaona mchuzi mtamu kama ule.

Sikukasirika. Nilikaa na barua yako nikakuonea aibu, kama mama anavyomwonea mtoto wake mbele za watu. Najua umesema hivyo kwa huruma. Na ile ya Aprili uliiandika kwa huruma, nikamfukuza mtu.

Niandikie tena. Niambie ulikula nini kwangu.

Mke wa Kijiko


Tarehe 17 Septemba

Mama,

Shikamoo.

Jumamosi tarehe 3 Agosti, saa saba na nusu mchana, nilikula kwenu wali na mchuzi wa samaki.

Chumvi ilizidi. Nililijua hilo kwenye kijiko cha kwanza, na cha pili kilikuwa kikali zaidi kwa sababu nilikuwa nakitarajia. Wali ulikuwa umeshika chini na harufu ya moshi ilikuwa imepanda mpaka juu. Vipande vya kichwa vilikuwa vizuri. Kile cha mkiani hakikuiva karibu na mfupa, nikakimeza hivyo hivyo. Mkate ulikuwa wa jana. Wifi yako hakula. Nilimwona akifunika mchuzi kwa wali kidogo kidogo, nikageuza macho upande wa dirisha.

Sahani ya pili sikuikubali kwa utamu. Uliniuliza kama uniongeze, nikaona mikono yako, nikaogopa kusema hapana. Kwenye treni nilikunywa chupa tatu za maji na mwanamke tuliyekaa naye akaniuliza kama nina homa. Nilimwambia nimekula kwa watu niliowakosea. Alihama kiti.

Kuandika haya kumenichukua siku tano, na ukurasa mzima wa jarida nilikuwa naumaliza kwa asubuhi moja. Siku hizi nasahihisha ratiba za treni. Ni kazi nzuri kwangu. Treni ikiandikwa saa mbili na haipo, watu huja juu siku hiyo hiyo.

Kilikuwa chakula kibaya, Mama, ila hiki nilikila.

Mwanao,
Msahihishaji wa ratiba